Mtu wa Hesabu

Ukikosa kazi Amu, huku kwetu Lamu mjini, mashauri huyakosi. Barazani wanajua ofisi ipi ina nafasi, nani anakaribia kustaafu, na nani hataki kustaafu ila afya yake si nzuri. Mimi nilirudi kutoka Mombasa na diploma ya uhasibu na faili la plastiki: cheti, PIN ya kodi ya KRA, cheti cha tabia njema. Deni la HELB, ule mkopo wa masomo wa serikali, halikuhitaji faili, lile halipotei. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, mama alinipigia shati pasi. Shati hilo bado limekunjwa.

Siku moja nikasoma habari za Mmarekani mmoja, Mark Granovetter, ambaye mwaka 1973 aliandika juu ya watu na namna walivyopata kazi zao. Wengi wa waliopata kazi kupitia kwa mtu hawakupewa habari na rafiki wa kila siku, bali na mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra. Na ni kweli ukifikiri: wa karibu nawe anajua yale yale unayoyajua wewe, na pengine naye anatafuta kazi hiyo hiyo.

Nikasema hapa ndipo. Lakini mtaani kwetu Mkomani mtu usiyemjua vizuri utamtoa wapi? Muuza samaki ni mkwe wa khaloo. Fundi simu tulisoma naye chuoni. Kuna mgeni alikuja kutoka Kiunga, nikamwona huyu ananifaa. Kabla kahawa haijapoa ikatokea kwamba bibi yake na bibi yangu walinyonya ziwa moja.

Basi nikashuka jetini. Hapo kulikuwa na nahodha wa jahazi la mawe, yale yanayotoka Manda. Hata jina lake nilikuwa silijui, ni salamu tu.

"Nahodha, ukisikia mahali wanataka mtu wa hesabu, nikumbuke."

"Hesabu za nini?"

"Zozote," nikamjibu, nisije nikaonekana najisikia.

Haukupita muda simu ikalia. "Wewe ndiwe wa hesabu? Ndoo Shela kesho, saa moya."

Nyumbani ikawa sherehe. Ami akatoa koti lake la harusi, jeusi, mabega yake yangetosha watu wawili. Mama akanifukiza udi mpaka tai ikanuka kama bibi harusi. Asubuhi nikapanda boti, na tulipofika Shela maji yalikuwa yamekupwa. Wenzangu wakavua viatu, wakashuka. Mimi nikaona mtu wa ofisi havui viatu mbele ya watu. Matope yakaingia mpaka soksi.

Nilikoelekezwa palikuwa na nyumba ya mzungu inajengwa. Msimamizi akanitazama kuanzia tai hadi matope. "Umekuja kununua?"

"Nimekuja kwa kazi ya hesabu."

Akanipa daftari, kalamu ya kufungwa kwa uzi, na kiti cha plastiki chenye miguu mitatu na tofali. "Kaa hapo konani. Kila punda akipita, andika ana mawe mangapi."

Nikakaa. Vumbi la mawe lilishuka juu ya lile koti taratibu, kufikia saa tatu nilikuwa mwashi. Punda mmoja, sijui alipenda nini, kila akipita na shogi lake alisimama, akajikuna paji la uso kwenye tai yangu, ndipo akaendelea. Watoto wa Shela wakaja kuangalia.

Lakini mhasibu ni mhasibu. Nikachora safu: yaliyotoka jahazini kwa mujibu wa karatasi ya nahodha, yaliyofika kwa punda, tofauti. Adhuhuri ilipoadhiniwa, tofauti ilikuwa kubwa. Nikaenda mwenyewe kuhesabu lundo, jiwe kwa jiwe. Tofauti ikazidi. Basi nikamsomea msimamizi ripoti yangu kwa sauti, nimesimama, kama tulivyofundishwa. Nahodha alikuwa nyuma yangu anakunywa maji.

"Nani aliyekuleta?" msimamizi akauliza.

Nikamwonyesha kwa kalamu.

Nahodha akafuta mdomo. "Mwanangu, mimi nimekutafutia kazi. Sikukwambia uifanye."

Pakawaka moto. Nahodha akaapa kwamba mawe huvunjika njiani na bahari hula fungu lake. Msimamizi akasema atakata. Nahodha akasema akikata, jahazi halitang'oa nanga. Msimamizi akafikiri kidogo, akanigeukia mimi. "Karani nitapata mwingine. Jahazi sitapata." Akanilipa siku yangu, akachukua daftari na kalamu yake.

Ufukweni nikaita boti. Kila nahodha alikuwa amejaa, hata yule aliyelala ndani ya boti tupu. Nikarudi Amu kwa miguu kando ya bahari, na sasa maji yalikuwa yamejaa, kwa hiyo suruali nayo ikapata ya kwake.

Sijafika mlangoni, mama keshasikia yote, na mengine ambayo mimi sikuwa nayajua.

"Yule nahodha wamuyua ni nani?"

"Simjui, mama. Ndiyo maana nilimwendea."

"Mkewe ni binti wa shangaziye babako! Ijumaa wanaoza, na sote tumealikwa."

Akalivuta koti la ami mwilini mwangu, akaenda kulikung'uta uani. Vumbi likapaa. Kisha akarudi mlangoni.

"Utakwenda, utamwomba radhi, utakula. Na usihesabu sahani."