Namba Nne Tu Ndiyo Inayofanya Kazi, Bosi

Nani aliwaambia wauza magari kwamba Tanzania nzima ni Dar es Salaam? Unaenda kutazama Corolla ya mwaka 1998, unasifiwa redio, unaonyeshwa rimu, unawashiwa AC mpaka mabega yanakutana na masikio. Ukiuliza hita, mtu anacheka. "Hita ya nini bosi, Afrika hii?" Huyo mpelekeni Isyonje, huku kwetu Mbeya, mwezi wa Juni saa kumi na mbili asubuhi, na shati lake la mikono mifupi. Akitoka hapo apitie Makete, ambako majani huamka na barafu, ndipo arudi tuongee habari za Afrika.

Tena wapo wanaodhani hita ni anasa ya kupasha magoti. Magoti yana kitenge. Hita ni ya kioo! Pakia watu wanne walionyeshewa Tukuyu, funga madirisha, subiri kidogo: kioo chote cheupe, dereva anaendesha kwa kuchungulia tundu alilolifuta kwa kiganja. Abiria wa mbele anakabidhiwa kitambaa na kupewa cheo cha kufuta. Halafu anajitokeza mjuaji: paka kiazi kilichokatwa, ukungu hautashika. Ni kweli Mbeya viazi tunavyo, lakini hata kiazi kina heshima yake. Kwenye dashibodi kuna kitufe cha kupeleka hewa kwenye kioo. Kinachokosekana ni feni ya kuisukuma hiyo hewa.

Na feni ya gari la zamani ina vituko vyake. Swichi ina namba moja hadi nne. Moja, kimya. Mbili, kimya. Tatu, kimya. Nne, kimbunga! Unamweleza fundi, naye hata boneti hajagusa: "Mota imekufa bosi, tutafute nyingine." Sasa baba, mota iliyokufa inapulizaje namba nne? Marehemu gani huyu anayefufuka kwenye namba nne peke yake?

Mota ni nzima. Kilichokufa ni rezista, kidubwana kidogo chenye waya zilizojiviringa kama springi. Namba moja, mbili na tatu hupitisha umeme ndani ya hizo waya ili upungue na feni izunguke taratibu. Namba nne huiruka rezista, umeme unakwenda moja kwa moja. Kwa hiyo ukisikia "namba nne tu", jibu lilishatolewa na swichi yenyewe. Rezista imefungwa kwa skrubu mbili kwenye bomba la hewa, karibu na mota, upande wa abiria, waya zake zikitazama ndani. Hapo haikuwekwa kwa bahati mbaya: upepo wa feni ndio unaoipoza. Magari yenye hita ya kujiendesha yenyewe kwa vitufe na skrini hutumia transista mahali pa rezista, na huo ni ugonjwa mwingine wenye bei nyingine.

Sasa hapa ndipo pesa zinapoteketea. Unanunua rezista, unafunga, unafurahi, mvua ya pili inaungua tena. Unalaumu dukani. Lakini rezista huungua kwa sababu: ama hewa haipiti, haipati cha kuipoza, ama mota imekuwa nzito, inavuta umeme mwingi kuliko kawaida. Usipotafuta hiyo sababu utakuwa mnunuzi wa rezista maisha yako yote. Na usikubali ile akili ya "tuunge waya hapa juu kwa juu". Ndani ya rezista kuna fyuzi ndogo inayokatika joto likizidi. Ukiiruka kwa waya wa kawaida, ndani ya sanduku la plastiki lililojaa majani makavu, umejitengenezea jiko.

Tazama na soketi yake. Ikiwa ya kahawia na imeyeyuka pembeni, kubadilisha rezista peke yake ni kazi bure, kwa kuwa mguso uliolegea ndio unaozalisha joto. Kata, weka vichwa vipya vya waya, vibane kwa koleo lake, na utumie waya wa nyuzi nyingi wa milimita za mraba 2.5. Mota ya hita kwenye kasi kubwa huweza kuvuta ampea 15 hadi 20. Mafundi wanaweka waya wa spika! Waya wa spika umeumbwa kwa ajili ya muziki, jamani.

Ikiwa namba zote ni kimya, anza na kilicho rahisi. Fyuzi ya hita, mara nyingi ya ampea 30 au 40. Ukiikuta imeviringishiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, itoe, na aliyeiweka usimpe gari tena, wala baiskeli. Inafuata rilei, ile swichi ndogo inayowashwa na umeme: washa swichi ya gari, zungusha namba, sikiliza kama inagonga "tik"; au ibadilishane kwa muda na nyingine inayofanana nayo. Kisha piga kasha la mota kwa mpini wa bisibisi, kwa adabu. Ikiamka na kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimekwisha. Itafanya kazi mpaka siku ya baridi kali, halafu itakataa, maana ndiyo tabia yake.

Mota yenyewe iko upande wa abiria, nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea karatasi za bima. Kazi si ngumu, ila mkao wake ni wa aibu: kichwa chini kwenye kapeti, miguu nje, majirani wanakusalimia kupitia viatu. "Kamwene!" Unaitikia ukiwa na maganda ya karanga sikioni. Bonyeza kisanduku pande zote mbili kishuke, chomoa soketi ya mota, chomoa kile kijimpira chembamba kinachopeleka hewa ndani yake. Kisha skrubu tatu. Mbili zinaonekana. Ya tatu iko nyuma kwenye ukuta wa injini, ule unaoitenga na abiria, mahali ambapo mkono wa binadamu haukualikwa; inahitaji soketi ndogo yenye shingo ndefu. Ndiyo maana magari mengi yana mbili tu: fundi wa kwanza aliifungua ya tatu na hakuwa na nia ya kuonana nayo tena. Ndipo gari linapoanza kutetemeka miguuni mwa abiria, mwenye gari akaambiwa ni injini maunti, zile raba zinazoshikilia injini.

Kabla ya kuishusha, pima. Washa namba nne, gusa soketi kwa taa ya testa. Katika Toyota nyingi za zamani umeme huja kwenye mota kwanza, kisha hurudi kwenye ardhi, yaani bodi ya gari, kupitia rezista na swichi. Kwa hiyo waya mmoja lazima uwe na volti 12. Umeme upo na mota imelala? Ipeleke kwenye betri moja kwa moja. Ikizunguka, ugonjwa uko kwenye swichi au waya wa ardhi. Isipozunguka, haya, sasa ndiyo tunaweza kutamka ile kauli ya fundi.

Ikishuka, angalia ilichokula. Gari la Mafinga linatema majani ya misonobari. La Rungwe linatema majani ya parachichi. Na mahindi yakishaingia nyumbani, panya anahamia humo na familia: gunzi, pamba za kiti, kipande cha soksi. Huo uchafu uliingia kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, kwa hiyo usisafishe feni ukaacha matundu. Gurudumu la feni lioshe kwa brashi na maji ya sabuni, mota usiiloweshe. Ukiona vibanio vidogo vya chuma kwenye mapezi, viache hapo! Ni vya kuweka mizani. Fundi mwenye mikono isiyotulia huving'oa akidhani ni takataka, na feni inanguruma kama mashine ya kusaga.

Ikiwa inalia kama mbuzi asubuhi na kunyamaza ikipata joto, bushi, ile pete inayoshika shafti, ni kavu. Tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kwenye shafti, basi. Grisi ni nzito, mafuta ya kupikia yanaganda. Na yasifike kwenye kaboni. Zile kaboni zikiwa zimebaki vipande, fundi mzuri huchukua kaboni za drili akazisugua zikae sawa, na ile sehemu ya shaba akaipitisha msasa laini sana. Wakati wa kurudisha, tazama waya: ukizigeuza, feni huzunguka kinyume, hewa inatoka, lakini hafifu, na utasumbuka wiki nzima ukilaumu bomba. Na kile kijimpira chembamba kirudi mahali pake. Hicho ndicho kinachopoza mota, si cha kuchezea watoto.

Mota ya mtumba ukiinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nenda na ya zamani mkononi. Linganisha upana wa feni, soketi, mwelekeo wa mapezi, na usome kibandiko. Ya lori la volti 24 inaingia vizuri tu, halafu inazunguka kama inatafakari.

Haya. Feni inapuliza namba zote. Unaelekeza kioo, unawasha, inatoka hewa baridi ya Kitulo safi kabisa. Sasa umefika kwa kesi yenyewe: nani alitoa thamostati, ile valvu ya maji ya kupoza injini? Maana huku ni kama mila. Gari likichemka mlima mmoja, fundi anatoa thamostati, anakwambia "nchi ya joto haihitaji". Nchi ya joto, na yeye amevaa koti! Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasichemke mapema, kwa hiyo mfuniko uliochoka na rejeta iliyoziba kutu ndivyo vya kulaumiwa. Bila thamostati maji huzunguka kwenye rejeta tangu injini ikiwa baridi, mshale wa joto unalala chini, injini inakula mafuta, na hita, ambayo joto lake hutoka kwenye maji hayo hayo, haina cha kupuliza.

Shika mipira miwili ya maji inayoingia kwenye ukuta wa injini, injini ikiwa imepata joto. Yote baridi: thamostati haipo, au koki ya hita haifunguki. Mmoja moto, mwingine baridi: hita imeziba kutu ya maji ya bomba, iflashi kinyume kwa maji ya nguvu ndogo, kisha weka kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta. Na ukikuta mipira imeunganishwa yenyewe kwa yenyewe, fundi aliona inavuja akaitoa kwenye mzunguko, na hakukwambia, maana hukuuliza.

Ukishamaliza yote hayo, peleka kile kimkono kwenye hewa ya nje, si ya kuzungusha ndani, kwa kuwa hewa ya ndani ndiyo yenye pumzi za watu. Washa na AC pamoja na hita, inakausha unyevu, kioo kinafunguka upesi. Hapo ndipo abiria wa mbele, yule wa kitambaa, ananyoosha mkono na kuzima. "Inamaliza mafuta." Unamweleza joto la hita ni la injini, lingepotea bure kwenye rejeta, ni AC tu inayokula kidogo. Anatikisa kichwa kwa huruma. Shemeji yake ni fundi.