Bunduki ya Forge

Nguvu za mashujaa wengi wa vitabu vya katuni vya Marekani haziazimiki. Anayeruka huruka mwenyewe, na mwenye ngozi isiyopenya risasi hawezi kumpa jirani ngozi hiyo kwa siku moja. Forge, ambaye mwandishi Chris Claremont na mchoraji John Romita Mdogo walimwingiza mwaka 1984 katika Uncanny X-Men, mfululizo wa katuni kuhusu kikosi cha mashujaa waliozaliwa na nguvu za ajabu, hayumo katika kundi hilo, na kwa maoni yangu hapo ndipo anapowazidi wengi wanaomshinda kwa umaarufu.

Kipaji chake ni kuelewa mitambo. Akikitazama chombo, hata kiwe kimeundwa na viumbe wa sayari nyingine, hujua kazi yake. Akihitaji kingine, mikono humaliza kukiunda kabla akili haijajieleza kanuni zake. Mtaani kwetu alikuwapo fundi redio wa namna hiyo, aliyekuwa akigusagusa nyaya kwa ncha ya bisibisi huku ametega sikio, mara aseme "ni hapa", na ukimwuliza amejuaje, hucheka tu.

Forge ni Mcheyenne, yaani wa kabila mojawapo la wenyeji asilia wa Marekani, aliyefunzwa awe mganga wa watu wake, akaukimbia uganga huo na kwenda kupigana Vietnam. Wenzake walipouawa aliyarudia mafunzo yale, akazitumia roho zao kuita mapepo yalipize kisasi, kisha akaogopa alichokileta na kuomba ndege za B-52 zipige hapo hapo alipokuwa. Alipoteza mguu na kiganja, naye akajiundia vya bandia.

Baadaye aliiundia serikali silaha kwa mkataba, mojawapo ikiwa bunduki ya kumvua mtu nguvu alizozaliwa nazo. Ofisa wa serikali, Henry Gyrich, aliichukua akamlenga Rogue, mmoja wa X-Men, ikampata mwenzake Ororo, yaani Storm, binti wa mama Mkenya, ambaye mvua na upepo vilikuwa vikimtii. Forge alimpeleka nyumbani kwake Dallas akamuuguza, na katika kurasa alizozichora Barry Windsor-Smith wawili hao wanaanza kupendana, hadi Ororo anaposikia mazungumzo ya simu kati ya Forge na Gyrich na kutambua kwamba bunduki ile imetoka katika mikono hiyo hiyo inayomuuguza.

Wapo wanaomtetea kwa hoja kwamba si yeye aliyefyatua. Hoja hiyo hainiingii, kwa sababu silaha ile haikuwa na matumizi mengine ya kusingizia, na aliyeiagiza alijulikana tangu siku ya kwanza. Forge alijua kila kitu kuhusu bunduki yake isipokuwa nani angeishika, jambo ambalo kipaji chake hakikuwahi kumfundisha.

Kinachonisikitisha ni kwamba waandishi wengi waliofuata wamemgeuza duka la vifaa: kikosi kikikwama, Forge huleta mtambo katika picha mbili, hadithi ikaendelea. Claremont hakumrahisishia hivyo. Mwaka 1988, Forge na Ororo walipokwama peke yao katika dunia nyingine isiyo na watu wala karakana, Forge alimrudishia Ororo nguvu zake kwa chombo alichokiunda kutokana na vipande vya mguu wake wa bandia, ambao ilimbidi aufungue kwanza.