Alea hakuwa mpinzani wala kasuku

Januari 1974 wahakiki wa filamu wa Marekani walikuwa wamemwandalia mwongozaji wa filamu wa Cuba, Tomás Gutiérrez Alea, tuzo maalumu jijini New York, kwa ajili ya filamu yake Memorias del subdesarrollo. Mwenyewe hakufika. Serikali ya Marekani ilimnyima viza. Magazeti yalikuwa yamemsifu kama msanii jasiri anayesema ya moyoni chini ya utawala wa Castro, na nchi iliyomsifia ujasiri huo ndiyo iliyomfungia mlango.

Haikuwa mara ya kwanza. Miaka miwili kabla, tamasha la filamu za Cuba katika jiji hilohilo lilivurugwa na Wacuba wa uhamishoni walioachia panya weupe ukumbini, kisha maofisa wa Wizara ya Fedha wakaja kukamata filamu kwa kisingizio cha sheria ya vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba. Panya tunaweza kuwacheka. Hilo la maofisa ni zito zaidi, maana linaonyesha kwamba kwa miaka mingi mtazamaji wa Marekani alihukumu sinema ambayo serikali yake haikumruhusu kuiona.

Hata walipoiona, waliiuliza swali moja tu: huyu yuko na serikali au yuko kinyume nayo? Akiwa nayo, basi filamu ni propaganda. Akiikosoa, basi ni mpinzani aliyejificha, na Havana imepitiwa usingizi. Alea alihangaika na jambo hili kwa miaka. Aliandika kupinga wahakiki waliomgeuza mpinzani, akisisitiza kwamba anakosoa mapinduzi kwa sababu ni yake. Huko Magharibi ni wachache waliomsadiki, kwa kuwa walishaamua kwamba mtu wa aina hiyo hawezi kuwapo.

Itazameni Memorias yenyewe. Sergio, mwenye nyumba za kupangisha, anabaki Havana mwaka 1961 wakati mkewe na wazazi wake wanakwenda Miami. Anakaa roshanini na darubini, anautazama mji kama mtu anayetazama sinema, anamdharau kila apitaye. Ana elimu, ana maneno, na hana la kufanya. Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani walimpenda, na si ajabu, kwani walijiona wenyewe ndani yake. Kosa lao ni kudhani kwamba Alea naye alikuwa amekaa kwenye roshani ileile.

Kuna kipande ambacho kinanirudisha kwenye filamu hii kila mara. Sergio anahudhuria mjadala wa wasomi kuhusu fasihi na maendeleo duni. Wasomi wako mezani wanazungumzia ukombozi wa wanyonge, na mhudumu mweusi anapita nyuma yao akiwamiminia maji kwenye glasi. Hakuna anayemtazama ila kamera. Halafu Mmarekani mmoja anasimama kuuliza kwa nini mapinduzi makubwa namna hii bado yanajadiliana kwa mtindo wa kizamani wa watu kukaa mezani na kuhutubia. Ukosoaji huo ulitengenezwa mwaka 1968 kwa fedha za ICAIC, taasisi ya sinema ya serikali, iliyoundwa Machi 1959 wakati mapinduzi hayajafikisha hata miezi mitatu. Ndani ya filamu hiyohiyo Alea anaonekana mwenyewe akionyesha vipande vya filamu vilivyokatwa na wakaguzi wa enzi za Batista, dikteta aliyepinduliwa na mapinduzi hayo, na Sergio anamwuliza kama wataruhusu filamu ambamo atavitumia. Swali la udhibiti alilijua vizuri kuliko waliomwuliza kutoka mbali.

Sasa upande wa pili, ambao nao una hoja, tena nzito. ICAIC ilikuwa mtayarishaji, msambazaji na mlinzi wa geti kwa pamoja. Ukikosana nayo, hukuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mwaka 1961 ilipiga marufuku filamu fupi ya PM, iliyoonyesha tu watu wakinywa na kucheza usiku Havana. Ugomvi huo ndio uliomfanya Fidel Castro awaambie wasanii kwamba ndani ya mapinduzi kila kitu kinaruhusiwa, dhidi yake hakuna. Mpaka uko wapi, hakusema. Nicolás Guillén Landrián, mmoja wa watengenezaji bora wa filamu za hali halisi kisiwani, alifukuzwa, akapitia jela na hospitali za wagonjwa wa akili, akafia Miami mwaka 2003. Anayemtetea Alea bila kumtaja huyu anasimulia nusu ya hadithi.

Lakini tuangalie kilichotokea mwaka 1991. Filamu ya dhihaka Alicia en el pueblo de Maravillas iliondolewa kwenye majumba ya sinema baada ya siku nne, na serikali ikatangaza kwamba ICAIC itaunganishwa na kitengo cha filamu cha jeshi na televisheni. Waongozaji walikataa, wakiwa wamebaki palepale Havana. Mpango wa kuunganisha ukafa. Miaka miwili baadaye taasisi hiyohiyo ikatoa Fresa y chocolate, ya Alea na Juan Carlos Tabío, kuhusu urafiki wa kijana mkomunisti na shoga, ikawa filamu ya kwanza ya Cuba kuteuliwa kuwania Oscar. Watu walipanga foleni kuiona Havana. Televisheni ya taifa, kwa upande wake, haikuithubutu hadi 2007. Mambo yote mawili ni kweli, na kanuni ya swali moja haina pa kuyaweka.

Wakati huohuo Magharibi ilikuwa inaishangilia Soy Cuba, filamu ya mwongozaji wa Kisovyeti Kalatozov ya mwaka 1964, iliyorudishwa kwenye majumba ya sinema ya Marekani mwaka 1995 kwa baraka za Scorsese na Coppola, waongozaji maarufu wa Marekani. Hii ndiyo propaganda hasa, na Wacuba wenyewe hawakuipenda ilipotoka. Ila dola ya Kisovyeti ilikuwa imeshaanguka, kwa hiyo watu wakaruhusiwa kufurahia kamera inayoshuka ghorofani hadi ndani ya bwawa la kuogelea. Ujamaa uliokufa unatazamika kwa raha. Ulio hai unaulizwa kitambulisho mlangoni.

Mwaka 2023 watengenezaji filamu wa Cuba waliunda baraza lao baada ya televisheni ya taifa kurusha filamu ya hali halisi bila idhini ya mwongozaji wake. Wanadai udhibiti ukome, na wanadai sheria ya sinema, madai ambayo wenzao wamekuwa wakiyapeleka tangu 2013. Wengine kati yao wameshahama. Waliobaki wanaiandikia barua serikali yao.