Sikukuu ya Shukrani: Kubaki Jikoni au Kufunga Safari?

Kila inapokaribia Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, familia za Marekani huulizana mwaka huu wale kwa nani. Siku hizi zipo zinazojibu kwamba hawatakula kwa mtu yeyote: watakata tiketi, waende ufukweni au milimani, na bata mzinga, kitoweo kikuu cha siku hiyo, apikwe na wengine.

Wanaotetea safari wana hoja nzito, na hoja yenyewe imo jikoni. Bata mzinga aliyegandishwa mwenye kilo 7 huhitaji takriban siku 4 ndani ya friji ili barafu iyeyuke kwa usalama, kwa hiyo mwenyeji humwingiza tangu Jumapili, akampisha rafu nzima, na kuanzia hapo kila anayefungua friji kutafuta maziwa humkuta amelala kwenye sinia akichuruzika maji. Alhamisi huokwa mpaka nyama ya ndani ifike nyuzi 74 za Selsiasi, huku viazi vitamu na pai ya maboga vikingoja zamu, maana oveni ni moja. Watu wakishashiba, wengi huhamia sebuleni kuwatazama Detroit Lions, timu ya kandanda ya Kimarekani iliyoanza kucheza siku hiyo mwaka 1934, na sinki lililojaa vyombo hubaki na wanawake walewale walioamka alfajiri. Anayesema kwamba hiyo ndiyo mila, na aseme pia ni mikono ya nani inayoibeba.

Historia nayo haimfungi mtu nyumbani. Karamu ya mwaka 1621 kule Plymouth, Massachusetts, inayotajwa kuwa chimbuko la sikukuu hii, iliyowakutanisha walowezi wa Kiingereza na wenyeji wa asili wa Kiwampanoag wapatao 90, ilichukua siku 3. Rais Abraham Lincoln aliitangaza sikukuu ya taifa zima mwaka 1863, na Bunge likaiwekea tarehe yake kwa sheria mwaka 1941. Tangu 1970, hapohapo Plymouth, wenyeji wa asili hukusanyika siku hiyo kuomboleza. Siku hii, basi, haijawahi kuwa na maana moja.

Hata hivyo, safari ina taabu zake, na wanaoisifu huzipitia harakaharaka. Jumatano ya kuondoka na Jumapili ya kurudi ni siku za msongamano mkubwa. Jumapili ya tarehe 1 Desemba 2024, abiria zaidi ya milioni 3 walipita kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani. Nauli nazo hupanda. Mwenye akili ya safari hupanda ndege Alhamisi yenyewe asubuhi, au huelekea Kanada, ambako Shukrani huadhimishwa Jumatatu ya pili ya Oktoba na wiki hiyo ya Novemba ni ya kawaida tu. Kwa wanaobaki Marekani, ukingo wa kusini wa Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, hubaki wazi mwaka mzima, na Death Valley, bonde la jangwa la California, wakati huo huwa imepungua joto lake la kuunguza. Ila kupanga nyumba ya likizo yenye jiko, jambo ambalo wengi huliona kuwa suluhisho la katikati, mara nyingi ni kumhamishia mama kazi ileile mahali pageni, penye kisu butu na sufuria isiyotosha.

Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko, hesabu huongezeka. Mtu ambaye maombi yake ya hifadhi ya ukimbizi bado yanashughulikiwa, akivuka mpaka bila kibali cha kusafiri, anaweza kuhesabiwa kuwa ameyatelekeza. Huyo New Orleans, iliyo ndani ya Marekani, anaiweza; Cancún, iliyo Meksiko, hapana. Sheria ya nchi haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa likizo yenye malipo siku hiyo, kwa hiyo anayefanya kazi ghalani au katika nyumba ya kulelea wazee huenda akawa zamu wakati wenzake wanafungasha mabegi.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa nyumbani, ingawa si kwa sababu ya bata mzinga, ambaye mezani kwetu mara nyingi hushindwa na pilau iliyo pembeni yake. Hoteli huuliza idadi ya vitanda miezi kadhaa kabla, na jibu likishatolewa, mlango umefungwa. Sufuria kubwa haiulizi: mwanafunzi ambaye bweni lake limefungwa kwa likizo, au familia iliyofika majuzi na haijamjua mtu, hukaribishwa Alhamisi yenyewe, sahani ikaongezwa. Safari humpumzisha mwenyeji, na pumziko hilo ni haki yake, lakini hufuta pia nafasi ya mgeni asiyetarajiwa, na gharama hiyo haionekani kwenye risiti yoyote. Familia inayotaka kusafiri ingefanya vyema, kabla ya kulipia vyumba, kukumbuka ni nani aliyekula kwao mwaka jana na kumtafutia meza nyingine mapema.