R. White wa "My Girl": ujira wa wapiga muziki wa Motown na suala la jina

Wimbo "My Girl" wa kundi la The Temptations, uliorekodiwa Detroit mwaka 1964, unaanza kwa besi inayodunda peke yake, kisha linaingia gitaa na nota sita zinazopanda taratibu, kama mtu anayekwea ngazi bila haraka. Msikilizaji hahitaji kumsubiri mwimbaji ndipo autambue wimbo. Nota hizo zilipigwa na Robert White. Watunzi wanaotambuliwa ni Smokey Robinson na Ronald White, mwenzake katika kundi la The Miracles, kwa hiyo anayekutana na "R. White" katika orodha ya watunzi anamsoma White mwingine.

Ubishi kuhusu wapiga muziki wa studio wa miaka ya sitini, hasa hawa wa Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, wanaojulikana kama Funk Brothers, karibu kila mara huishia kwenye fedha: walilipwa kwa kila kikao cha kurekodi, baadaye wengine wakapewa mshahara, ilhali mirabaha ya utunzi ilikwenda kwingine. Wanaoitetea kampuni wana hoja isiyofaa kubezwa. Berry Gordy, mwanzilishi wake, alianza mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake. Santuri nyingi katika biashara ile hazikurudisha gharama, na mpigaji alichukua chake hata wimbo ulipododa. Wengi walitoka kwenye vilabu vya jazz, ambako kipato kilikuwa cha kubahatisha, na kwao gereji ile iliyogeuzwa studio pale West Grand Boulevard ilikuwa mahali pa kazi ya uhakika. Aliyekubali ujira wa kibarua, wanasema, asirudi baadaye kudai sehemu ya mavuno.

Ningeikubali hoja hiyo lau kazi yenyewe ingekuwa ya kibarua. Mwashi hupewa ramani. James Jamerson, mpiga besi aliyecharaza nyuzi kwa kidole kimoja tu cha shahada, mara nyingi alipewa mfululizo wa kodi za muziki ("chords", yaani nota zinazopigwa kwa pamoja) na akaachwa aitafute njia mwenyewe. Alichokipata ndicho ambacho wapiga besi wa leo bado wanakaa chini kujifunza, nota kwa nota. Sheria ya utunzi ilihesabu maneno na sauti ya kuimbwa. Njia ya besi iliihesabu kuwa mapambo.

Lakini tuseme fedha zimekwisha kujadiliwa na mkataba ni mkataba. Linabaki jina, na jina halikugharimu kitu zaidi ya wino. Majalada ya santuri yalikuwa yanachapishwa vilevile, yenye picha za waimbaji na sifa ndefu za kuwauza, na bado kwa zaidi ya muongo mzima Motown haikuwa na desturi ya kuwataja waliopiga vyombo. Watetezi wanaeleza kwamba Gordy aliogopa washindani wasimnyang'anye watu wake, na hofu hiyo ilikuwa na msingi: mwaka 1967 mwimbaji Jackie Wilson alirekodi "Higher and Higher" mjini Chicago kwa kampuni nyingine, na waliompigia ni pamoja na Jamerson na Robert White huyuhuyu, waliotoka Detroit kwenda kutafuta cha ziada. Sasa hapo ndipo utetezi unapojikata mguu. Kama majina yale yalistahili kufichwa ili wengine wasiyapandie dau, basi yalikuwa na bei, na bei hiyo ndiyo iliyobaki mfukoni mwa kampuni kila jalada lilipotoka bila kuwataja. Mtu asiyejulikana hana pa kuanzia anapotaka kuongezewa mshahara, wala hana cha kuonyesha akienda kuomba kazi mji mwingine.

Mwaka 1971 albamu ya Marvin Gaye, "What's Going On", iliwataja wapigaji, na Jamerson akaandikwa kuwa mpiga besi asiye na mfano. Mwaka uliofuata kampuni ilihamia Los Angeles, na wengi wa wapigaji wale wakabaki Detroit. Jamerson naye alihamia Los Angeles, akafa mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 47. Heshima ya Rock and Roll Hall of Fame, jumba la kuwaenzi wanamuziki mashuhuri, ilimfikia mwaka 2000, katika kundi la wasindikizaji, yaani wapigaji wa nyuma ya waimbaji. Robert White alifariki mwaka 1994, miaka 8 kabla ya filamu ya kumbukumbu iliyowatambulisha wapigaji hao kwa ulimwengu.