Pasi mbovu za Iowa na mkataba wa mtoto wa kocha

Wakuu, hawa watu wa Iowa, huku Marekani, wana jambo moja linaloniudhi kila msimu wao wa mpira ukianza: timu yao inashinda, wao wananuna. Jumapili asubuhi naingia kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, matokeo ninayo kichwani, najua wameshinda. Naingia na bashasha zangu za Kitanzania: "Hongera mzee, jana mmewapiga!" Mzee wa watu anaweka kijiko chini. "Umeziona zile pasi?" Basi, uji utapoa hapo. Tutajadili pasi mpaka zamu ya mchana.

Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ya helmeti na mpira mfano wa yai, na timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, Hawkeyes. Ukisikia timu ya chuo usifikirie bonanza letu la wanafunzi na jezi za kuazima. Uwanja wao wa Kinnick unaingiza watu karibu 70,000, kuliko uwanja wetu wa Mkapa, katika mji ambao wakazi wake wote hawafiki 80,000. Na mchezo wenyewe, kwa ufupi: una nafasi nne za kusogea yadi 10. Unaweza kukimbia na mpira, au kwotabeki anaurusha kwa mwenzake aliyeko mbele. Nafasi tatu zikiisha hujafika, wengi wanaubutua mbali, wampe mpinzani, waende kukaba.

Iowa ni mabingwa wa kubutua, na sitanii. Mwaka 2023 tuzo ya Ray Guy, anayopewa mbutuaji bora wa vyuo Marekani nzima, ilikwenda kwa mchezaji wao Tory Taylor, kijana wa Melbourne, Australia. Watu walivaa fulana zilizoandikwa kwamba kubutua ndiko kushinda. Hebu fikiria timu ambayo kipenzi cha mashabiki ni mtu anayeingia uwanjani pale tu washambuliaji wanaposhindwa kazi.

Septemba 3, 2022 walicheza na South Dakota State, timu ya daraja la chini yao, wakashinda 7-3. Ukiona 7 utadhani walifunga tachidauni, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho, pointi 6, na nyongeza yake. Thubutu! Walipiga mpira mmoja katikati ya milingoti, pointi 3. Nne zilizobaki zililetwa na mabeki, waliowaangusha wapinzani mara mbili ndani ya eneo lao wenyewe, pointi 2 kila mara. Washambuliaji hawakuvuka mstari siku nzima.

Sasa mkuu wa ushambuliaji alikuwa nani? Brian Ferentz. Na kocha mkuu, tangu 1999? Kirk Ferentz. Ndiyo, mtu na mwanawe. Chekeni, chekeni kwanza mmalize. Mimi mwenyewe nilicheka peke yangu kwenye basi. Nilivuka bahari nikidhani undugunaizesheni nimeiacha uwanja wa ndege, kumbe imenitangulia na imeshapewa ofisi. Kwa kuwa kanuni zinakataza baba kumsimamia mtoto, kwenye makaratasi Brian alikuwa chini ya mkurugenzi wa michezo wa chuo, si chini ya baba yake. Kwenye makaratasi. Mtu aliyewahi kuona tenda ya kata ikienda kwa shemeji hahitaji kufafanuliwa hapo.

Lakini subirini, maana hapa ndipo waliponikosha.

Februari 2023 mkurugenzi wa michezo wa wakati ule, Gary Barta, alitoa mkataba wa Brian uliorekebishwa. Mshahara ulishuka kutoka dola 900,000 kwa mwaka hadi 850,000. Na masharti yakaandikwa: timu ishinde mechi zisizopungua 7, na ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi. Chuo ni cha umma, kwa hiyo mkataba si siri. Waandishi waliusoma, muuza petroli aliusoma, mzee wangu wa uji aliusoma. Watu wakazidisha 25 kwa mechi 13 wakapata 325, na kila Jumamosi usiku wanakaa kuhesabu zimebaki ngapi. Nchi nzima ilijua mtoto wa kocha anadaiwa nini.

Oktoba 30 mwaka huohuo, Beth Goetz, aliyekuwa anakaimu ukurugenzi, akatangaza kwamba Brian hatarudi msimu unaofuata. Angalieni vizuri: timu ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 2 tu. Baba mtu bado kocha mkuu, mwenye heshima ya mji mzima, na hakuficha kwamba angependa jambo hilo lisubiri msimu uishe. Halikusubiri. Wakaenda hivyohivyo, wakamaliza na ushindi 10, wakafika fainali ya Big Ten, ligi yao ya vyuo, wakapigwa 26-0 na Michigan, halafu siku ya mwaka mpya Tennessee wakawapiga 35-0. Wastani wa msimu: pointi 15.4.

Nieleweni. Sisemi hawa ni malaika. Pesa anayolipwa mtu wa kushindwa kufunga huku ingejenga zahanati ngapi, hilo nalijua na linanichoma. Ninachowaonea wivu ni kimoja: kulikuwa na karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na namba, na kila mtu aliiona kabla kazi haijaanza.

Kwetu je? Kocha akiondoka tunapata "Taarifa kwa Umma", nembo juu, mhuri chini: klabu na kocha wamefikia makubaliano ya pande mbili, tunamtakia kila la heri huko aendako. Alitakiwa afanye nini akashindwa? Hola. Wiki mbili baadaye mtu wa redioni anasema malengo hayakufikiwa. Malengo yaliandikwa wapi? Nani aliyasoma? Wanachama tunaolipia kadi kila mwaka tunajua bei ya jezi mpya, hatujui kocha aliambiwa nini siku anasaini.

Naona mtu ameshaanza kuandika: "Huyo, kaenda kuogesha wazee Marekani, anarudi kutufundisha mpira." Naam, naogesha wazee. Naogesha, nawalisha, nawabadilisha shuka, na mshahara wake ndio unaolipa ada za watoto wa ndugu ambao baadhi yao ndio wanaoandika hivyo. Kuogesha mzee hakumfanyi mtu asijue kusoma mkataba.

Mwingine atasema: "Mbona serikalini malengo yapo, tulikuwa na OPRAS." Ndugu yangu, OPRAS, ile fomu ya kupima utendaji wa mtumishi? Mimi niliijaza. Tulikuwa tunajaza mwezi Juni malengo ya Julai iliyopita, tunayaandika kufuatana na yale yaliyokwisha fanyika, bosi anasaini amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Baadaye wameleta mfumo wa kompyuta, PEPMIS, na nawaombea heri. Lakini usinifananishie fomu ya kwenye faili na namba inayojulikana mpaka kwa muuza petroli.

Na mwingine, huyu ana akili, namheshimu, atasema: "Lakini hiyo namba yenyewe si ilikuwa ya kijinga?" Sawa kabisa. Zile pointi 25 zilihesabiwa na za mabeki. Beki akinyaka pasi ya mpinzani akakimbia nayo mpaka mwisho, zilikwenda kwenye hesabu ya Brian, ambaye muda huo amesimama pembeni na karatasi zake. Tatizo la Iowa lilikuwa pasi, mkataba hauna neno pasi. Ni kumpima mpishi kwa idadi ya wageni waliokuja harusini. Lakini angalieni: mzee wangu wa miaka themanini na kitu ndiye aliyenionyesha kosa hilo, huku anatafuna mkate. Aliweza kubisha kwa sababu kulikuwa na kitu cha kubishia. Mimi nibishie nini kwenye makubaliano ya pande mbili?

Tukija kwenye pasi zenyewe, hapo Wamarekani nao wananichosha, maana wana ugonjwa uleule wetu. Kwetu timu isipofunga dawa ni moja: leta straika. Apokelewe uwanja wa ndege kwa matarumbeta, avishwe skafu, na hakuna anayeuliza nani atampelekea mpira. Iowa wakafanya vilevile. Kwa msimu wa 2023 walimleta Cade McNamara, kwotabeki aliyeipeleka Michigan ubingwa wa Big Ten mwaka 2021. Shangwe. Septemba haijaisha, goti limekwenda, msimu wake ukaishia hapo, akaingia kijana wa akiba Deacon Hill, na lawama zote zikahamia kwenye mkono wake.

Mkono si tatizo la kwanza. Kwotabeki anahitaji kama sekunde tatu hivi za utulivu. Anazipata kwa wale mabaunsa watano wa mbele yake. Wakipitwa, hata mwenye mkono wa dhahabu atarusha mpira jukwaani. Kama mabaunsa hawajaiva, dawa ni kuutoa mpira mapema: pasi fupi za upesi, yadi tano, sita, mpokeaji amalizie kwa miguu. Dawa nyingine ni kudanganya. Iowa wanapenda kukimbia, mabeki wote wanalijua hilo wanajazana mbele, kwa hiyo mwigizie kwamba unampa mkimbiaji, mabeki wakijaa urushe nyuma yao. Na tena wana hazina yao wenyewe. Wale wapokeaji wakubwa wa pembeni mwa mabaunsa, taiti endi, Iowa wamewatoa kama kiwanda: George Kittle, T.J. Hockenson, Noah Fant, Sam LaPorta. Wawili kati yao, Hockenson na Fant, walichaguliwa raundi ya kwanza ya NFL, ligi ya kulipwa, mwaka mmoja, 2019. Mwenye watu hao anaanzia hapo. Mawinga wenye kasi ndio hawaji, na hawaji kwa sababu wakitazama wanaona mpira haurushwi, na mpira haurushwi kwa sababu hawapo. Mduara huo unavunjwa kwa kurusha kwanza, hata ukikosea.

Januari 2024 wakamwajiri Tim Lester, ametokea Green Bay Packers, timu ya NFL. Akaanza kuwahamahamisha wachezaji kabla mchezo haujaanza ili mabeki wachanganyikiwe, na mbio za kwenda upana badala ya kugonga katikati. Mwaka huo Kaleb Johnson alikimbia yadi 1,537 na tachidauni 21, na timu ikapita ule wastani wa 25 aliokuwa akidaiwa mwenzake. Mji ukapumua. Pasi je? Hazikufika yadi 140 kwa mechi, mkiani mwa daraja la juu. Wakashinda 8, wakapoteza 5, na mzee wangu akaendelea kuweka kijiko chini.

Kwa hiyo kumwondoa mtu hakukutibu pasi. Hilo nalikubali na nawapa wabishi wangu bure, walitumie. Baba mtu bado yupo, na falsafa yake ni ileile: kaba, butua, subiri mwenzako akosee. Imempa ushindi mwingi. Septemba 2025 alimpita Woody Hayes, kocha wa zamani wa Ohio State, kwa ushindi katika historia ya Big Ten. Huwezi kumwambia mtu kama huyo abadili dini. Msimu huohuo wa 2025 walimleta Mark Gronowski awe kwotabeki. Ametokea wapi? South Dakota State. Ndiye aliyekuwa anarusha mipira upande wa pili siku ile ya 7-3! Walimkaba mpaka wakampenda.

"Kwa hiyo unataka nini hasa?" Swali zuri. Sitaki kocha wetu alipwe dola laki nane. Sitaki hata tucheze mpira wa yai. Mwenzangu wa zamu ya usiku, Mkongo wa Bukavu, anauita ugomvi wenye marefa, na simbishii. Nataka siku ya kumtambulisha kocha, kabla ya skafu na picha, msemaji wa klabu asome mistari miwili: ametakiwa afanye hiki na hiki, mpaka tarehe fulani. Akifanya, tumshike. Asipofanya, tusidanganyane na pande mbili. Namba ikiwa ya kijinga, tutaibomoa wenyewe vijiweni, kazi hiyo Watanzania tunaiweza kuliko taifa lolote duniani.

Kadi yangu ya uanachama bado hai, nailipia kwa simu. Mkutano mkuu ujao nikipata likizo nitakuja, nitapanga foleni kwenye kipaza sauti cha wajumbe, nitauliza hilo tu, kwa adabu zote. Najua nitakatwa na "taarifa mwenyekiti" mara tatu, kuna atakayeniita diaspora, na mwenyekiti atasema hoja imepokelewa tuendelee na ajenda ya jezi. Nitauliza tena mkutano unaofuata.