Mzee Asilazimike Kupaka Piko Ndipo Aishi

Desemba nilipokwenda nyumbani, upande wa Ganze, nilimkuta mzee jirani yetu ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, shuka mabegani, mjukuu wake wa kike amesimama nyuma yake na mswaki mkuukuu mkononi. Chini kulikuwa na kifuu cha nazi chenye piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Msichana alichovya, akapaka, akachovya tena, kuanzia panda la uso mpaka kisogoni, na kila piko ilipotiririka karibu na sikio aliifuta haraka kwa kidole isije ikaacha alama. Nilimwamkia mzee, nikamuuliza kuna harusi ya nani. Hakuinua kichwa. "Hakuna harusi, mjukuu wangu. Nataka Pasaka inikute."

Kwa asiyejua hali ya kwetu: katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, kuna wazee wanaopaka nywele zao rangi kwa sababu mvi zimekuwa ushahidi. Mwenye mvi anaitwa mchawi, na anayeitwa mchawi huenda asimalize mwezi. Panga huja usiku. Waliobahatika kukimbia kabla ya usiku huo, baadhi yao wamepata hifadhi Kaya Godoma, hukohuko Ganze, wanalala mbali na nyumba walizojenga kwa mikono yao na minazi waliyoipanda wenyewe.

Nimechoka kusikia watu wa mijini wakisema hili ni suala la ushirikina na elimu. Imani ipo, siikatai. Lakini angalia ni nani anayetajwa. Mtoto anaugua, anafariki, familia inakwenda kwa mganga, na jina linalotoka huko mara nyingi ni la yule ambaye hati ya shamba imeandikwa jina lake. Babu asiye na kitu, hakuna mwenye haraka ya kumwita mchawi. Yule mwenye ekari kumi na mbili zisizogawanywa, na mnunuzi ameshakuja mara mbili na gari, na vijana wameshapokea arubuni wakanunua pikipiki, huyo ndiye usiku unaanza kumtisha. Neno "mchawi" linafanya kazi ambayo wakili angeifanya kwa miaka mitano, tena kwa bei ya kumlipa mtu mmoja mwenye panga.

Sheria nayo? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia na kwa serikali. Kifungu cha 260 kinasema mzee ni aliyepita miaka 60. Ni maneno ninayoyapenda. Lakini Katiba haitembei hadi kijijini saa nane ya usiku. Lazima chini yake kuwe na sheria inayosema nani anapigiwa simu, nani anafika, na asipofika anaulizwa na nani.

Tuliyo nayo ni Sheria ya Uchawi, aliyotutungia Mwingereza mwaka 1925. Kifungu chake cha 6 kinasema anayemshutumu mtu kuwa ni mchawi anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Ukiishia hapo unafurahi. Endelea kusoma: kifungu hichohicho kinamwachilia aliyepeleka shutuma hiyo kwa chifu, kwa polisi au kwa mwenye mamlaka mwingine. Yaani ukimwita jirani yako mchawi njiani umevunja sheria, ukienda kumwita mchawi ofisini kwa chifu uko salama.

Na hapo kwa chifu ndipo mambo yanapoharibikia. Nimeshakaa kwenye baraza la namna hiyo, nikiwa kijana wa sekondari, nyuma kabisa. Bibi mmoja alisimamishwa mbele ya vijana waliokwisha kumhukumu, akaambiwa ajieleze. Alipokana, wakasema ni mkaidi. Alipochoka akanyamaza, wakasema amekiri. Uamuzi wa baraza ulikuwa ahamie kwa binti yake "mpaka hasira zipoe", na kila mtu akaondoka akiona amani imepatikana. Aliondoka na kapu moja na kuku wawili amewafunga miguu. Shamba lake halikungoja hasira zipoe. Msimu uliofuata lilikuwa na ua wa mtu mwingine. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemkata, kwa hiyo hakuna kesi. Mpaka leo nikikumbuka nakumbuka wale kuku, na kwamba sikusema kitu.

Ndiyo maana nasema sheria zetu zinamfikia mzee akiwa maiti. Akiuawa, hapo serikali ina lugha: mauaji, uchunguzi, mshukiwa. Hata Sheria ya Urithi, kifungu cha 96, inasema aliyeua harithi mali ya aliyemuua. Lakini mpaka mtu apatikane na hatia, na katika mauaji haya aliyeshika panga mara nyingi ni mtu wa kukodiwa. Aliyemkodi yuko matangani anapokea rambirambi, na baada ya arobaini anafuatilia karatasi za urithi kama mtoto mwema.

Ningekuwa mimi ndiye ninayeandika muswada, ningeanza na faida hiyo. Mzee akishutumiwa uchawi, ardhi iliyo kwa jina lake ifungwe papo hapo: isiuzwe, isigawanywe, isibadilishwe jina, na akifa kifo cha ghafla au cha kikatili urithi usimame mpaka polisi waseme wamemaliza. Miaka kumi kama ni kumi. Najua itawaumiza na warithi wasio na hatia. Wataumia kwa kungoja. Baba yao angeumia zaidi. Siku vijana watakapojua kwamba kumwita babu mchawi kunalifunga shamba badala ya kulifungua, tutaona kama waganga watapata wateja walewale.

Ule mwanya wa kifungu cha 6 uzibwe pia. Shutuma ikifika kwa chifu, chifu aandike jina la aliyeileta na aipeleke polisi siku hiyohiyo, na anayeitisha baraza la kumjadili mzee badala ya kumlinda apoteze kazi. Bodi za ardhi, ambazo bila kibali chao shamba la kilimo haliuziki, zimsikilize mzee akiwa peke yake, bila mwana aliyemshika mkono na kumwelekeza dole gumba kwenye wino.

Tunajua kufanya hivi, kwa sababu tumefanya kwa watoto. Mtoto ana Sheria ya Watoto ya 2022, ana afisa wa watoto, ana namba 116 ambayo jirani anaipiga bure. Mzee anayelala na panga chini ya kitanda chake apige namba gani? Ipo Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, na inagusa vitisho na hata ukatili wa kiuchumi ndani ya familia, mahakama inaweza kumzuia mwana asimkaribie baba yake. Lakini tumeichukulia kama sheria ya mke na mume, na sijaona mzee wa kwetu aliyeambiwa kwamba ni yake pia.

Dhuluma nyingine haina hata damu. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa shilingi 2,000 kwa mwezi waliofika miaka 70, zinaishia kwa anayejiita msaidizi, na nyanya anaulizia pesa zake anaambiwa serikali haijatuma. Huo ni wizi, uitwe wizi.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya familia, kwamba kumpeleka mwana mahakamani ni kutafuta laana. Nawaheshimu, nimelelewa na watu hao. Lakini radhi hailindwi kwa kumwacha mzazi afe kimya. Umoja wa Afrika wenyewe, kwenye Itifaki ya Haki za Wazee iliyopitishwa Addis Ababa mwaka 2016, umezitaja shutuma za uchawi kwa jina na ukawataja hasa wanawake wazee. Waliokaa kuandika itifaki hiyo ni Waafrika wenzetu, wenye mama na nyanya.

Siku niliporudi Mombasa, yule mzee alinisindikiza hadi stejini, nywele nyeusi tititi, akanipa bahasha ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Ilikuwa hati ya shamba lake. Akasema wanawe wanadhani iliungua. Iko kabatini kwangu, chini ya mashuka. Mimi si ndugu yake wala si wakili, ni jirani tu. Alimtafuta mtu wa serikali wa kumkabidhi, hakumpata.